Tangazo Lililopita Njia ya Adhana

Kwetu hakuna mtu anayepewa habari ya msiba akiwa amesimama. Huitwa kwa jambo jingine, jambo dogo: mgonjwa anakuulizia, kuna kikao cha ukoo, njoo mara moja. Akifika hukalishwa mkekani, wanawake humzunguka, mmoja humshika mikono, mwingine humkaza kanga kiunoni, maji ya kunawa uso huwekwa karibu, na hapo ndipo mkubwa wa ukoo hufungua kinywa. Nilipokuwa chuo kikuu niliudharau utaratibu huu. Niliuona kuwa ni uongo uliovalishwa heshima, na niliwahi kuandika hivyo katika insha ambayo mhadhiri wangu aliisifu mbele ya darasa. Leo mvi zimeanza kuniota, na insha ile sijui iliko. Lakini ninajua siku na mahali nilipojifunza utaratibu ule ulikuwa ukimlinda nani.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Serikali ilikuwa imeacha kumpokea kila mwenye shahada, na sisi tuliohitimu tulirudi makwetu na vyeti ndani ya bahasha za kaki, tukawa kama watu walioalikwa karamuni wakakuta vyombo vinaoshwa. Upande mwingine, milango iliyofungwa kwa miaka ilifunguka. Mwenye mtaji aliweza kununua kamba wa delta na kuwauza ng'ambo, na mwenye mtaji zaidi aliweza hata kumiliki redio. Mfanyabiashara mmoja wa Kibiti alifanya yote mawili. Nyuma ya chumba cha majokofu yake alijenga vyumba viwili, akasimamisha mnara, akaniajiri mimi niwe fundi, mhariri na, mtangazaji akiumwa, mtangazaji.

Kompyuta ya studio ilikuja ikiwa imetumika na watu wengine kabla yetu, na mfumo wake wa awali uliliwa na virusi kabla ya mwezi kwisha. Rafiki yangu wa chuo alinipa santuri tatu za mfumo mwingine uitwao Linux, akisema ni bure na haiugui. Yote mawili yalikuwa kweli, ila hakuniambia kwamba mfumo ule haumhurumii mtu asiyesoma. Nilisoma. Nilikaa na karatasi zilizochapwa Dar es Salaam, nikajifunza kuiamrisha mashine kwa maandishi, mstari kwa mstari, na nikajivuna sana.

Kazi iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya kuipangia sauti njia. Kadi yetu ya sauti ilikuwa na matundu manane ya kutolea sauti, yaliyokwenda mawili mawili. Jozi ya kwanza iliunganishwa na mtambo wa kurushia matangazo, kwa hiyo chochote kilichotoka hapo kilisikika Kibiti, Ikwiriri, Nyamisati, na, kwa kuwa delta ni tambarare na mnara wetu ulikuwa mrefu, mpaka Mbwera. Jozi ya pili ilikwenda kwenye hedifoni na spika ndogo za studio, na hiyo ilikuwa ya masikio yetu peke yetu. Jozi mbili zilizobaki hazikuwa na waya. Programu ya vipindi niliipa amri yake maalumu: wewe toa kwa jozi ya kwanza. Lakini sauti nyingine zote za kompyuta, zile zisizopewa maelekezo, hufuata njia ya kawaida, na njia ya kawaida, usipoiambia kitu, ni jozi ya kwanza. Maana yake ni kwamba ukifungua wimbo wako wa faragha, wilaya nzima inausikiliza nawe.

Kwa hiyo niliandika faili dogo la maandishi lililoielekeza njia ya kawaida kwenye jozi ya pili. Lilikuwa na mistari michache tu, lakini lilinigharimu siku mbili, kwa sababu mashine huanza kuhesabu kwenye sifuri na tundu la tatu kwake ni la pili. Siku lilipokubali nilimwita mama muuza chai wa ng'ambo ya barabara aje asikie. Alisogea mpaka dirishani, akachungulia.

"Sasa msomi, ulikuwa unahangaika siku mbili ili sisi tusisikie?"

"Ndiyo, mama. Msisikie mpaka nitake."

"Mwenzio akitaka nisisikie hufunga mdomo. Haitaki kompyuta."

Kisha Ramadhani iliingia. Watu wa delta walifuturu kwa adhana ya redio yetu, kwa sababu ng'ambo ya mito sauti ya msikiti haifiki. Tatizo lilikuwa dogo na la kibinadamu: wakati wa Magharibi mtangazaji naye alikuwa na tende mkononi. Hakuna aliyetaka kukaa mbele ya mashine dakika ile. Nikaipa kazi hiyo saa ya kompyuta. Ilipofika dakika yake ilisimamisha programu ya vipindi yenyewe, ikapiga adhana kwa amri fupi isiyojua mambo ya studio. Amri hiyo ilifuata njia ya kawaida, na ili adhana iende hewani njia ya kawaida ilibidi irudi jozi ya kwanza. Sikulifuta faili langu. Niliweka alama ya reli, hii #, mwanzoni mwa kila mstari, na mashine ikalipita kama mtu apitaye nyumba iliyofungwa. Kwa mwezi mzima tulijisikiliza kwa redio ndogo ya betri iliyokaa juu ya meza. Niliazimia kuziondoa alama zile siku ya Idd.

Siku ya Idd nilikula pilau. Betri za redio ndogo mtu alizitia kwenye tochi. Alama zikabaki.

Siku ya tatu ya Idd, kabla ya alfajiri, ndugu yangu alifariki. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yangu mdogo. Tulilala mkeka mmoja tukiwa wadogo, tukatahiriwa msimu mmoja. Alikuwa fundi wa mashine za boti, na alikuja Kibiti kula sikukuu nasi akiwa na homa aliyoiita uchovu. Homa ile ilimchukua kwa siku mbili. Mama yake alikuwa kwake Mbwera, anasafisha shamba la mpunga akisubiri vuli. Huko hakukuwa na simu.

Baada ya sala ya Alfajiri tulikaa na mjomba, kaka wa mama zetu, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika ukoo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na asubuhi ile aliyapunguza zaidi. Wanaume wawili walikwishaondoka gizani kwenda Nyamisati kupanda boti ya mashine. Wangemwambia mama mdogo kwamba mwanawe anaumwa na anamtaka, basi. Wangemfikisha nyumbani kabla ya Adhuhuri. Angekalishwa, angeambiwa, angemwona mwanawe, na tungezika baada ya Alasiri.

"Na wewe," mjomba aliniambia, "watu wa Ikwiriri na Ngarambe lazima wasikie, wapate usafiri. Tangazo litoke saa saba. Si kabla."

"Saa saba, mjomba."

"Mpaka nikuletee mtu aseme: ameshaambiwa."

"Nimekuelewa."

Nilimwelewa kweli. Hili ndilo jambo ninalolirudia ninapojihukumu: sikuwa mtu ambaye hakuelewa.

Kituo chetu kilifunga matangazo ya asubuhi saa tatu na kurudi saa sita. Mtambo wa kurushia haukuzimwa katikati, kwa kuwa fundi aliyeufunga alituonya tusiuchoshe kwa kuuwasha na kuuzima, na jenereta ilikuwa inanguruma hata hivyo kwa ajili ya majokofu ya kamba. Kwa hiyo katika saa zile tulirusha kimya. Watu hawakuzima redio zao. Waliziacha zimenyamaza, zikisubiri.

Saa nne niliingia studio peke yangu. Niliandika tangazo kwa mkono wangu, kwa mtindo wetu wa siku zote, kisha nikalirekodi. Tunasikitika kutangaza kifo cha kijana wetu, na hapo nilitaja jina lake. Mazishi ni leo baada ya Alasiri, hapa Kibiti. Kisha yakaja yale maneno ambayo kila tanzia kwetu humalizia nayo, ya kuwataja wanaopelekewa habari mmoja mmoja. Habari ziwafikie. Na mtindo ule huanza na aliye karibu zaidi na maiti. Bila kusita, bila hata kuinua kalamu, niliandika: habari zimfikie mama yake mzazi, aliyeko Mbwera. Mkono uliandika kama ulivyozoea kuandika. Wakati huo mimi mwenyewe nilijua kwamba tangazo lile halitatoka mpaka mama huyo awe ameshaambiwa, na sikuona kwamba nimemwandikia yeye.

Nilipofika kwenye jina la ndugu yangu nilihisi sauti imenikatika, nikataka kusikiliza kama imesikika. Nilivaa hedifoni, nikaipa mashine amri ya kulicheza tangazo.

Kimya.

Hedifoni ile ilikuwa na waya mbovu shingoni. Tuliizoea: unaukunja, unaushikilia kwa kidole, sauti inarudi. Niliukunja, nikatoa amri mara ya pili. Kimya. Niliongeza sauti mpaka mwisho, nikaukunja waya upande wa pili, nikatoa amri mara ya tatu, nikafumba macho ili nisikie vizuri.

Hapo nikaisikia. Haikutoka masikioni. Ilitoka nje, upande wa dirishani, ng'ambo ya barabara, ikiwa na mkwaruzo wa spika ndogo: habari zimfikie mama yake mzazi, aliyeko Mbwera. Kwa muda mfupi, na ninasema hili kwa aibu, nilifurahi. Nilifikiri: kumbe sauti haikukatika. Kisha mwili ulielewa kabla ya akili. Nilijitupa nyuma ya kompyuta, nikang'oa nyaya zote kwa mkono mmoja, za jozi ya kwanza na za pili, kama anayeng'oa nyoka shimoni. Sauti ya nje ikakatika katikati ya jina la mjomba.

Nilitoka. Mama muuza chai alikuwa amesimama katikati ya barabara na kijiko kikubwa mkononi, nyuma yake wateja wake wakiwa wamesimama pia, vikombe mkononi. Hakuna aliyekunywa.

"Si mlisema bado, mpaka mama yake afike?" aliniuliza. Hakuniita msomi.

"Imetoka?"

"Mara tatu, baba. Ya kwanza nikasema, alhamdulillahi, mama wa watu amefika salama. Ya pili nikasema mbona anarudia. Hii ya tatu nimeinuka nije nikuulize."

Nilikuwa nahesabu njia. Alfajiri wametoka Nyamisati, maji yakijaa wameingia Mbwera, wamemchukua, wanarudi na maji yanayokupwa. Saa nne na nusu. Kama bado wako katikati ya mito, kelele za mashine ya boti zingeizidi redio yoyote. Kama wamefika Nyamisati, pale pwani kuna kibanda cha chai, na mlangoni pa kibanda kile imetundikwa redio. Nilijua imetundikwa, kwa sababu ni mimi niliyewapelekea waya wa antena wapate kutusikia.

Mjomba alikuja kwa miguu kutoka nyumba ya msiba, kanzu ameikusanya mkononi, anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile.

"Nani amekuja kukuambia useme?"

"Hakuna, mjomba."

"Basi nani amesema?"

"Mashine imetoa yenyewe. Njia ilikuwa..."

"Mashine ina mdomo? Mimi nimesikia sauti yako." Alinitazama, akahema. Hasira niliyoitarajia haikuja. Lililokuja lilikuwa baya zaidi: aliketi chini, mavumbini, mbele ya kibanda cha chai, mzee yule na kanzu yake ya Idd. "Dada yangu," alisema. Kisha, "Nenda. Asiingie mji huu kabla hujamwona kwa macho yako."

Tajiri wa redio alinipa pikipiki yake bila kuuliza neno. Barabara ya Nyamisati siku zile ilikuwa ya mchanga, na mahali pengi mikorosho iliinama mpaka juu ya njia. Nilianguka mara moja, nikainuka bila kuhisi goti. Nilichokihisi ni kitu nisichokuwa na jina lake mpaka leo: sauti yangu ilikuwa imenitangulia. Ilifika kabla yangu kila mahali nilipopita. Kila kijiji watu walisimama kando ya njia na kunipa mkono wa pole nikiwa mbioni, na kila mkono uliniambia kwamba na hapa pia wamesikia.

Nilikutana nao kabla ya nusu ya safari. Pikapu ya samaki ilikuwa inakuja polepole. Dereva aliiona pikipiki, akasimama. Mama mdogo alikuwa nyuma, kwenye bodi, juu ya gunia la mchele aliokuwa anamletea mgonjwa wake. Kanga zake zilikuwa zimelowa matope mpaka kifuani. Pembeni yake walikaa wanawake watatu nisiowajua, wamelowa vilevile, mmoja amemshika mikono yote miwili.

Mmoja wa wale wanaume wawili alishuka, akanivuta kando.

"Maji yamekupwa," alisema, "boti haikufika pwani. Tumeshuka, tunatembea ndani ya maji, yanatufika magotini. Mimi nimebeba gunia, mwenzangu kamshika mkono. Redio ya kibandani imenyamaza. Mara tunasikia wewe."

"Akafanya nini?"

"Akatutazama. Sisi tukatazama chini. Bwana wee, wanaume wazima, tumetazama maji! Basi akajua."

Walichofanya wale wanaume baada ya hapo ni kusimama. Hawakuwa na neno, kwa sababu neno lile halikuwa lao kulisema, lilikuwa la mjomba. Tangazo likaja mara ya pili, na mama mdogo akaketi palepale, ndani ya maji na matope. Pwani walikuwapo wanawake wanaonunua samaki wa kukaanga, wenye mabeseni yao, wakisubiri boti. Hawakumjua, si wa ukoo wetu wala wa kijiji chake. Lakini walisikia tangazo, wakaona mwanamke anaketi majini, wakaelewa. Waliweka mabeseni chini, wakaingia. Walimfikia, na badala ya kumwinua waliketi nao ndani ya maji, kumzunguka. Mmoja akamshika mikono. Mmoja akamkaza kanga. Hakuna mkeka, kwa hiyo wakakaa pasipo mkeka. Maji ya uso walikuwa wameyakalia. Tangazo lilipokuja mara ya tatu lilimkuta ameketi katikati ya watu.

Aliponisimulia hayo yule mwanamume nilishika ubavu wa gari. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kofi. Sikuwa nimejiandaa kwa habari kwamba watu wasiotujua wameikamilisha kazi yetu ndani ya matope.

Mama mdogo aliniita. Nilipanda, nikapiga magoti mbele yake.

"Mbona ulirudia?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ananiuliza mbona nimechelewa sokoni.

"Sikuwa nasikia, mama. Nilidhani haitoki."

"Mimi nilisikia ya kwanza."

"Nisamehe."

"Ya kwanza niliwatazama hawa. Ya pili miguu ikakataa. Ya tatu nikakusikiliza mpaka ulipokatika." Mwanamke aliyemshika mikono alimpangusa tope shavuni. "Umesoma vizuri," alisema mama mdogo. "Jina lake umelisoma vizuri."

Hapo ndipo nililia, na yeye ndiye aliyenishika.

Tulizika baada ya Alasiri kama ilivyopangwa. Watu wa Ikwiriri na Ngarambe walifika mapema kuliko mazishi yoyote niliyowahi kuyaona, kwa kuwa walikuwa na saa mbili na nusu zaidi za kusafiri. Wanawake watatu wa Nyamisati walilala nyumbani kwetu siku tatu, na mwanamke wa ukoo ambaye kazi ya kumpokea mama mdogo ilikuwa yake aliwatandikia mkeka wake mwenyewe.

Siku ya kuondoa tanga watani wetu wa Kimatumbi walitukamata. Kwetu mtani ana ruhusa ya kusema msibani yale ambayo wengine wanayameza. Mtani mmoja, mama mtu mzima mwenye mwili mkubwa, alitokea uani amevaa vifuu viwili vya nazi masikioni, vimeunganishwa kwa kamba juu ya kichwa, na mwiko mkononi ndiyo kipaza sauti.

"Tunasikitika kutangaza," alisema kwa sauti yangu, ile hasa ninayoitumia hewani, "kifo cha msomi wa chuo kikuu, kilichotokea akiwa ameketi mbele ya mashine yake. Habari ziwafikie walimu waliomfundisha. Habari ziwafikie hao hao tena, huenda hawakusikia. Habari ziwafikie mara ya tatu!"

Ua mzima ulicheka. Nilitazama chini.

"Hajalipa faini huyu," aliendelea, akinipiga vifuu begani. "Maiti yetu ameitangaza mara tatu. Alete majogoo watatu, au tumtangaze kwa walimu wake Dar!"

"Watatu wengi, mtani," nilijaribu.

"Wengi? Ungetangaza moja, ungeleta mmoja."

Ndipo nikasikia kicheko kingine nyuma ya mlango wa chumba cha wanawake, kifupi, kama kimetoka bila ruhusa. Mama mdogo alikuwa amecheka. Kisha kikafuata kilio, na wanawake wakamrudia. Sijui mpaka leo ni kipi kati ya viwili kilichonishtua zaidi. Majogoo niliwaleta wote watatu.

Niliporudi studio jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kulifungua lile faili dogo. Alama za reli zilikuwa pale, mwanzoni mwa kila mstari, nadhifu kama nilivyoziacha. Nilizitazama kwa muda mrefu. Kosa lilikuwa la alama ndogo kuliko punje ya mtama, na nilitamani lingekuwa kubwa zaidi, lifanane na lilichokifanya. Lakini sikuweza kuitupia mashine lawama zote. Mashine ilipeleka sauti pale nilipoiachia. Aliyeandika habari zimfikie mama yake mzazi hakuwa mashine. Hata mkono wangu ulikuwa na njia yake ya kawaida, iliyowekwa siku nyingi, ambayo sikuwahi kuifungua nikaisoma.

Sikuirudisha njia ya kawaida kwenye jozi ya pili. Niliielekeza jozi ya nne, kwenye matundu mawili yasiyo na waya. Tangu siku ile sauti yoyote ambayo sikuiambia kwa makusudi iende wapi ilikwenda huko, ikaishia huko. Adhana niliipa amri yake, hedifoni nikaipa yake. Tajiri alilalamika kwamba nimeiongezea kazi studio. Ilikuwa kweli.

Ilipokaribia arobaini, mama mdogo alikuja kituoni. Alikuwa ametoka Mbwera siku ile, na alitaka tangazo la hitima. Lakini kabla ya kunipa karatasi aliomba kuona.

"Ilipita wapi?"

Nilimwonyesha nyuma ya kompyuta. Aliinama, akaugusa waya wa jozi ya kwanza, ule uendao kwenye mtambo.

"Huu ndio ulionifikia?"

"Ndiyo, mama."

Aliuzungusha katikati ya vidole vyake, vilivyozoea kamba na jembe. "Mwembamba," alisema. Kisha akayaona matundu ya mwisho. "Na hapa kunakwenda wapi?"

"Hapo hakuendi popote. Sasa sauti nisiyoiamuru inakwenda hapo."

Alipitisha kidole juu ya matundu yale, akiwa ameinama bado.

"Siku ile ungeipeleka hapo," alisema.

"Ndiyo, mama."

Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza tena. Nilimwambia kwamba ningelisoma tangazo lile saa saba, naye angekuwa ameshafika nyumbani kwetu, asisikilize kama hataki. Alitikisa kichwa. Alitaka lisomwe sasa, na alitaka kuwapo.

Mtangazaji alikuwa kazini. Nilimwomba kiti cha mbele ya kipaza sauti, akanipisha. Nilikwishashika karatasi nilipomwona mama mdogo ananiinulia kiganja, nisubiri. Alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akaketi. Alifungua kanga yake, akaikaza upya kiunoni. Akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Haya," alisema. "Sema."